Nilivyopokewa na Deni Langu



Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniandikia kuniomba nitoe maneno machache ya kuwafaa wanafunzi waliopo na sisi tuliokwisha kutoka. Wenzangu katika matoleo yaliyopita wameeleza jinsi walivyoshinda mitihani, na wengine safari zao za ng'ambo. Mimi sina safari ya ng'ambo. Nina habari ya safari moja tu, ya kutoka Gitega kwenda Muyinga na kurudi, mwaka 2008, na ya deni la faranga 47,500. Habari hii sijapata kuiandika mahali popote. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nami naona heri niiseme ningali hai, kwa kuwa huenda pana mwanafunzi mmoja aliye katika shimo lile nililokuwamo mimi.

Neno langu ni hili: Mungu hatungojei tutakate ndipo atupokee. Hutupokea na uchafu wetu, na kule kupokewa ndiko kunakotutakasa. Maneno haya niliyasikia kila Jumapili tangu utoto, wala sikuyaelewa mpaka nilipokuwa mwizi.

Nilizaliwa Muyinga, upande wa kaskazini-mashariki wa Burundi, si mbali na mpaka wa Kobero ambako magari ya mizigo huingia kutoka Tanzania. Baba alikuwa akiuza chumvi na dagaa sokoni. Nyumbani tulisema Kirundi, sokoni tukasema Kiswahili, na mtoto wa sokoni hujifunza kuhesabu fedha kabla hajajua kusoma. Nadhani ndiyo sababu, nilipofika shule ya sekondari Gitega na kujiunga na chama cha wanafunzi Wakristo, walinichagua kuwa mtunza fedha. Wakasema, "Huyu ni mtoto wa mfanya biashara, tena anajua kuomba vizuri." Kweli nilijua kuomba vizuri. Nilipoombea kikao, wenzangu waliitika "Amina" kwa sauti kubwa.

Chama chetu kilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli. Kila mwanachama alitoa faranga mia mbili kwa mwezi, na mwenye chochote zaidi akaongeza. Fedha zile zilikuwa za kununulia sabuni, sukari na unga wa uji, vitu ambavyo kabla ya Pasaka tulivipeleka kwa wagonjwa wa hospitali wasio na ndugu wa kuwahudumia. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Mara ya kwanza nilichukua faranga mia tano. Ilikuwa Jumamosi, mvua imenyesha, nasi tulipita mahali wanapochoma mishikaki. Wenzangu walikuwa na fedha, mimi sina. Nilijiambia kuwa nimekopa. Jumamosi ya pili nikakopa tena. Kisha nikataka viatu, maana vyangu vilikuwa vimefunguka mbele kama mdomo wa samaki, na msichana mmoja wa darasa letu alikuwa amevicheka. Viatu havikununuliwa kwa mia tano. Mwizi wa fedha za sanduku haibi siku moja, ndugu zangu. Huiba kidogo kidogo, na kila mara hujiandikia moyoni hati ya deni ambayo hakuna mwingine aliyeisoma.

Lililonitesa halikuwa hofu peke yake. Lililonitesa ni kwamba niliendelea kuongoza sala. Niliposimama mbele ya wenzangu na kufumba macho, maneno yalitoka mazuri kama zamani, lakini mdomoni yalikuwa kama mchanga. Nikaanza kukaa kiti cha nyuma kanisani. Ilipofika saa ya kushiriki meza ya Bwana, nilitoka nje nikijifanya nina kikohozi. Nikamwambia Mungu, "Ningoje. Nikisharudisha fedha, nitakuja." Huo ndio ulikuwa mpango wangu: nijisafishe kwanza, kisha nirudi nikiwa mtu mwema, na hakuna atakayejua kwamba nilikuwa nimeondoka.

Mwaka ule Pasaka ilikuwa tarehe 23 Machi. Hesabu ya sanduku ilipangwa kufanywa Jumamosi ya tarehe 15, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Alhamisi nilifungua sanduku usiku nikahesabu: zilikuwamo faranga 3,200. Zilizopungua zilikuwa 47,500. Asubuhi ya Ijumaa nikaenda kwa mwalimu wa zamu, nikamwambia mama yangu ni mgonjwa sana. Akanionea huruma, akanipa ruhusa. Sanduku nikaliacha chini ya kitanda changu. Ufunguo nikaondoka nao.

Nilipanda basi dogo la kwenda Muyinga. Njia ile hushuka kutoka vilima vya Gitega, huvuka mto Ruvubu, hupita Karuzi, kisha hupanda tena. Tulipofika sehemu za Buhiga, bibi mmoja aliyeketi karibu nami alinionyesha kwa kidole upande wa kanisa, akasema kuwa mama yake alikuwa mmoja wa Walokole wa kwanza wa pale. Ninyi mnaosoma historia mnajua kuwa wamisionari wa Kianglikana waliingia Buhiga na Matana katika miaka ya 1930, na kwamba miaka ile ile uamsho ulioanza Gahini, nchi ya Rwanda, ulifika huku. Watu walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao waziwazi, na wengi wakarudisha vitu walivyoiba: mbuzi, nguo, majembe, hata vitu vya mabwana zao. Bibi yule alisimulia kwa furaha jinsi mama yake alivyorudisha debe la maharagwe. Mimi niligeuza uso dirishani. Nilihisi kwamba Mungu ameketi katika basi lile na anatumia mdomo wa bibi yule kunitafuta, nami nilikuwa sitaki kupatikana.

Mama alinikuta uani, akashangaa. Alikuwa mzima kabisa, anatwanga. Nikamwambia shule imetupa ruhusa ya siku mbili. Hiyo ilikuwa dhambi juu ya dhambi: asubuhi nimemfanya mgonjwa, jioni namdanganya akiwa mzima. Aliniangalia miguuni, akaviona viatu, asiseme neno. Mama zetu hawakosi kuona.

Karibu na soko palikuwa na mzee aliyetengeneza baiskeli chini ya mwembe. Yeye pia alikuwa katekista wa kanisa letu, ndiye aliyenifundisha mafundisho ya ubatizo. Sote tulimwita Mzee Katekista. Jumamosi asubuhi, saa ile ile ambayo wenzangu Gitega walikuwa wanalivunja kufuli, Mama alinituma nimpelekee uji. Mzee alikuwa ameshika gurudumu lililopinda. Akasema, "Nishikie hapa, mwanangu." Nikashika. Akawa anakaza spoku moja baada ya moja, anazungusha, anatazama, anakaza tena. Baada ya kitambo akauliza, bila kuniangalia, "Umeiba nini?"

Sijui alijuaje. Labda Mama alikuwa amekwisha pita kwake. Nilimweleza yote, tangu mishikaki hata ufunguo uliokuwa shingoni mwangu. Nikamalizia kwa kumwambia mpango wangu: nitafanya kazi sokoni, nitakusanya fedha zote, kisha nitarudi shule na kuungama.

Mzee akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akasema, "Ukingoja upate fedha zote ndipo ukaungame, mwanangu, utakuwa umekwenda kulipa, hukwenda kuungama. Kulipa ni lazima. Lakini si mlango wa kuingilia. Mimi ninajua, maana niliukaa mlango huo miaka minne."

Kisha akanisimulia habari ambayo sikuwa nimeisikia, ingawa tulikuwa tukipita mbele ya nyumba yake kila siku. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na katika siku zilizofuata watu waliuana katika mikoa mingi ya nchi, Gitega, Karuzi na Muyinga ikiwamo. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka miwili, mgongoni mwa Mama, tumejificha migombani. Usiku mmoja katika siku zile, jirani wa Mzee alikuja kubisha mlango wake. Alibisha mara tatu, akamwita kwa jina. Mzee alikuwa macho, amekaa kitandani na mkewe, na alisikia vizuri. Hakufungua. Asubuhi wakamkuta jirani yule bondeni, amekufa. Walikuwa wa kabila moja au makabila mbalimbali, Mzee hakutaja, nami sikuuliza, wala ninyi msiulize. Alisema tu, "Nilikuwa katekista. Siku ya Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimefundisha habari ya Msamaria."

Tangu siku ile hakufundisha tena. Aliacha hata kwenda kanisani, akawa anatengeneza baiskeli Jumapili kama siku nyingine. Alijiambia kuwa akifanya mema ya kutosha, siku moja uzito utalingana, ndipo atarudi. Akawatengenezea maskini baiskeli bila malipo. Akamsomesha yatima mmoja. Uzito haukulingana.

Mwaka 1997 mke wa marehemu, aliyekuwa amekimbilia kwa wazazi wake na watoto kabla ya usiku ule, alirudi Muyinga. Siku moja akaja chini ya mwembe anasukuma baiskeli kuukuu yenye kutu: ilikuwa ya mumewe. Akataka itengenezwe ili mwanawe mkubwa aitumie. Mzee aliitengeneza siku mbili, akabadilisha mnyororo na breki kwa fedha zake. Mama yule alipokuja kulipa, mkono wa Mzee ulikataa kupokea. Akauliza sababu. Basi pale pale, mbele ya pampu na matairi, Mzee akamwambia: "Mumeo alibisha kwangu usiku ule, nami nikamsikia, nisifungue."

Yule mama hakulia, wala hakumtukana. Aliweka fedha chini, akaichukua baiskeli, akaenda zake. Mwezi mzima hakupita njia ile. Mzee alidhani amekwisha poteza na kile kidogo alichokuwa nacho. Hata hivyo alisema kuwa usiku ule ndio aliolala kwa mara ya kwanza, maana alikuwa hana tena cha kuficha. Jumapili moja akajikaza akaenda kanisani, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, tayari kutoka. Wimbo wa kwanza ulipokuwa ukiimbwa, yule mama aliingia amechelewa. Akaona nafasi mbele, hakwenda. Akasimama karibu na benchi lile la mwisho, akasema, "Mzee, sogea nikae."

Ni maneno hayo tu. Mzee akasogea, akakaa.

"Baadaye," akaniambia, "nilimwuliza kwa nini. Akasema yeye mwenyewe alisamehewa na Mungu ku buntu, na kitu ulichopewa ku buntu huwezi kukiuza. Akasema pia kwamba uchungu haujaisha, na kila Oktoba atalia, nami nivumilie kumwona analia. Na mimi nimevumilia. Huo ndio ushirika, mwanangu. Usidhani ni watu wasafi waliokaa pamoja."

Wasomaji wasiojua Kirundi wafahamu kuwa neno *ubuntu*, ambalo katika Biblia ya Kirundi ndilo linalotumiwa mahali pa "neema", ndilo hilo hilo watu husema sokoni: kitu cha *ku buntu* ni kitu cha bure, hakilipiwi. Mimi nilikulia sokoni, neno hilo nilikuwa nalitumia kila siku, lakini sikupata kuyaunganisha haya mawili.

Mzee akaendelea kuzungusha gurudumu. Akanikumbusha habari za Petro: jinsi alivyomkana Bwana wake akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na jinsi baada ya kufufuka Bwana alivyowasha moto wa makaa ufuoni, akaoka samaki, akawaita wanafunzi waje wale. "Tazama utaratibu," akasema. "Kwanza chakula. Walipokwisha kula ndipo akamwuliza Petro kama anampenda. Ingekuwa sisi, tungemhoji kwanza, na samaki angepoa." Akafuta mikono, akatoa katika mfuko wa koti nauli ya kunirudisha Gitega, nauli tu, haikuzidi hata faranga moja. Akasema, "Deni si langu, silipi. Lakini njia nitakusaidia."

Nilimweleza Mama jioni ile. Jumapili mchana nilikuwa ndani ya basi tena, nimevaa viatu vile vile, maana sikuwa na vingine.

Chama kilikutana saa ya jioni. Kufuli lilikuwa limevunjwa, sanduku li wazi juu ya meza, na wote walikuwa wamekwisha jua. Nilipoingia walinyamaza. Niliweka ufunguo juu ya meza, ingawa haukuwa na kazi tena, nikasema: "Nimeiba faranga 47,500. Sinazo. Nilidanganya kuwa mama yangu ni mgonjwa. Nimekuwa nikiwaombea nikiwa mwizi." Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, yakapotea.

Sitawaambia kwamba wote walinikumbatia, kwa sababu si kweli. Kijana mmoja, rafiki yangu wa chumba kimoja, alisimama akasema kuwa wagonjwa wamenyang'anywa sabuni na mtu aliyekuwa akiwaongoza katika sala, na kwamba nisiingie tena katika chama. Alisema kweli. Mpaka tulipomaliza shule hakunizoea tena, nami sikumlaumu. Mwalimu mlezi alinipa adhabu ya shule, nikaitumikia. Ufunguo wa sanduku jipya alipewa mwingine, na hivyo ndivyo ilivyopasa.

Lakini kabla hawajapanga habari ya kulipa, mwenyekiti wetu, msichana mpole asiyependa maneno mengi, aliwaambia wenzake kila mmoja alete alichonacho: kipande cha sabuni, sukari ya kikombe, chochote, ili Jumamosi ya Pasaka hospitali isikose. Kisha akanigeukia mimi, akasema, "Wewe utabeba kikapu."

Nikabeba. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Tulipita wodini, wenzangu wakatoa sabuni, mimi nikashika kikapu. Na bibi kizee mmoja aliyelazwa akanishukuru mimi, kwa kuwa kikapu kilikuwa mkononi mwangu. Nilishindwa kujibu. Kesho yake, siku ya Pasaka, nilishiriki meza ya Bwana, nikiwa na deni la faranga 47,500 kamili. Sikuwa nimelipa hata moja.

Deni nililipa. Tulikubaliana faranga 2,500 kwa mwezi, miezi kumi na tisa. Siku za Jumamosi nilibeba mizigo ya watu sokoni Gitega. Wakati wa likizo niliziba matairi chini ya mwembe Muyinga. Nilimaliza shule mwaka 2009 kabla deni halijaisha, basi mwezi wa Oktoba nikarudi Gitega kuleta faranga 7,500 za mwisho. Kijana aliyezipokea hakunijua. Akaniuliza, "Hii ni sadaka?" Nikamwambia, "Hapana, ni deni." Akaandika hivyo.

Huenda mtu akauliza: kama Mungu hupokea wakosaji bure, si afadhali tuendelee kukosa? Swali hili ni la zamani. Mtume Paulo alilijibu kwa Warumi. Mimi nitalijibu kwa kikapu. Mtu aliyefukuzwa huweza kuiba tena, maana hana cha kupoteza. Mtu anayehofu kufukuzwa naye huweza kuiba, mradi asionekane. Lakini mtu aliyepewa kikapu mkononi siku ile aliyostahili kufukuzwa, huyo atamwibia nani? Zakayo hakuambiwa arudishe fedha za watu ndipo Yesu aingie kwake. Yesu alimwita ashuke mtini, akasema atakaa nyumbani kwake. Na ni baada ya hapo Zakayo alisimama mwenyewe akaahidi kurudisha mara nne. Neema haikufuta hesabu ya Zakayo. Ilimpa moyo wa kuilipa.

Leo ninafanya kazi Gitega, mji ambao tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa nchi yetu, na kazi yangu, msicheke, ni kutunza hesabu. Mwajiri wangu anaijua habari hii. Nilimweleza kabla hajaniajiri. Mzee Katekista alifariki mwaka 2016. Siku ya maziko yake nilikwenda Muyinga. Watu wa nyumba yake walikuwa wameketi kwenye benchi moja mbele ya kaburi, na yule mama mjane alifika akiwa amechelewa kama desturi yake. Binti wa marehemu alimwona, akasogea.

Basi, mdogo wangu unayesoma haya ukiwa na ufunguo wako shingoni, nakuomba usingoje. Nenda leo, na deni lako. Utalipa baadaye, na huenda utalipa miezi mingi. Lakini utakuwa unalipa ukiwa ndani, si nje mlangoni. Na wewe uliyekaa benchini ukiwa huna deni lolote unalolijua, ukimwona mwenzako amesimama karibu nawe na haya usoni, usimwulize kwanza amelipa kiasi gani. Sogea akae.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa zamani, Gitega